Leza si Anasa ya Wakubwa

Juzi nimeyasikia tena maneno yale yale, na safari hii kutoka kwa mtu aliyesoma, mwenye wadhifa, ambaye akisema jambo kikaoni huandikwa. Tulikuwa tukizungumza habari za glakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita presha ya macho, nami nikamwuliza kwa nini wagonjwa wa vijijini hawapelekwi kwenye leza tangu mwanzo. Akacheka kwa upole, kama mtu amchekavyo mtoto aliyeomba anunuliwe gari. "Mwalimu," akaniambia, "tuseme ukweli. Leza ni mambo ya nchi zilizoendelea. Sisi bado tuko kwenye matone."

Nataka kumjibu hapa kwa kirefu, kwa kuwa siku ile tulikuwa tumesimama mlangoni na yeye alikuwa na haraka. Kauli ile inasemwa kana kwamba matibabu ni ngazi: chini yako matone, juu iko leza, na maskini hana budi kuanzia chini. Mimi nasema ngazi hiyo imesimamishwa kichwa chini. Mtu anayeweza kuishi kwa matone ni yule mwenye duka la dawa mtaa wa pili, mwenye mshahara au mtoto mwenye mshahara, mwenye mkono usiotetemeka, na mwenye saa ukutani inayomkumbusha. Yaani ni tajiri, au aliye karibu naye. Huyo ndiye awezaye kungoja. Mkulima wa mlimani hawezi kungoja, na ndiye tunayemwambia angoje.

Kwanza niondoe mkanganyiko mmoja ninaokutana nao kila mara. Glakoma si trakoma. Trakoma ni ule ugonjwa wa kope unaoletwa na vijidudu, unaosambazwa na nzi na uchafu. Wala glakoma si mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa operesheni na mtu akaona tena, watu wakapiga vigelegele. Glakoma haina vigelegele. Kinacholiwa nayo hakirudi.

Ndani ya jicho kuna maji. Hayo si machozi; machozi yako nje. Maji haya hutengenezwa nyuma ya lile duara lenye rangi, yakapita katika mboni kuja mbele, kisha yakatoka kupitia chujio dogo lililoko pembeni, pale duara hilo linapokutana na ukuta wa jicho. Ni maji kidogo mno, hayafiki hata tone zima kwa dakika kumi, lakini hayasimami usiku wala mchana. Chujio likiwa zito, maji yanaendelea kuja na hayatoki vizuri, na shinikizo linapanda. Kwa kawaida shinikizo la jicho huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Likikaa juu kwa miaka, neva inayopeleka picha kwenye ubongo hufa nyuzi moja baada ya nyingine. Mgonjwa haumwi. Huanza kupoteza pembeni, akajigonga milangoni, akamwaga chai, akalaumiwa kwa uzee. Anapogundua, mara nyingi jicho moja limekwisha.

Na hawa si wachache. Katika utafiti uliofanyika wilayani Kongwa, Dodoma, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000, watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea walipimwa, na glakoma ikakutwa kwa zaidi kidogo ya wanne katika kila mia. Hesabu mwenyewe watu wa umri huo waliohudhuria mazishi ya mwisho uliyokwenda.

Ugonjwa huu pia hutembea katika ukoo. Baba yetu alikufa kipofu mwaka 1987 huko Usambara, na kijiji kizima kilikuwa na maelezo yake kuhusu aliyemfanyia. Watoto wake wawili tumeurithi: mimi na dada yangu mkubwa. Mimi nakaa Tanga; yeye yuko kule kule mlimani kwenye shamba la baba. Nilipopimwa mwaka 2021 shinikizo langu lilikuwa 28 jicho moja na 27 jingine. Dada alipimwa mwaka huo huo katika kliniki nyingine, akaambiwa 29 pande zote mbili. Daktari wake alimwambia, kama wangu alivyoniambia, kwamba pembe za macho ziko wazi, chujio ndilo zito. Ugonjwa mmoja, baba mmoja. Mimi nina mwanangu Dar es Salaam mwenye kazi nzuri. Akanilipia nikapigwa leza. Dada akaandikiwa chupa ya matone na tarehe ya kurudi.

Nieleze basi hiyo leza ni kitu gani, maana nusu ya upinzani ninaousikia unatokana na jina. Wengine wakisikia leza hufikiria mwanga wa vijana wanaochomelea mageti. Wengine husema "kupigwa mionzi", na kwa kuwa mionzi ndiyo inayotumika kwa wagonjwa wa saratani, bibi mmoja kliniki aliondoka akilia, akidhani amefichwa ugonjwa. Leza ni mwanga tu, lakini mwanga wa rangi moja uliokusanywa pamoja. Mashine ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman kule Marekani mwaka 1960. Mwaka 1979 madaktari Wise na Witter wakaeleza namna ya kuutumia kwenye chujio la jicho la mgonjwa wa glakoma. Leza yao ilikuwa na joto. Ilichoma vidoa vidogo kwenye chujio, ikashusha shinikizo, lakini haikufaa kurudiwa rudiwa kwa sababu ya makovu. Nadhani wanaosema leza haifai wengi wao bado wanaikumbuka hiyo.

Iliyokuja baadaye ni nyingine. Miaka ya 1990 daktari Mark Latina, naye wa Marekani, alitengeneza njia ya kutumia mwanga wa kijani unaowaka kwa muda mfupi usiosemekana: gawanya sekunde moja katika vipande bilioni moja, kisha uchukue vitatu. Kwa muda mfupi hivyo joto halipati nafasi ya kuenea. Chembe zenye rangi nyeusi ndani ya chujio hupokea mwanga, jirani zake hazipati moto, na mwili wenyewe huamka na kuanza kulisafisha chujio. Kwa sababu hakuna kovu la kuchomwa, inaweza kurudiwa.

Mimi niliketi kwenye kiti, kidevu kwenye kile kishikizo cha darubini ya daktari wa macho, kama mtu anayepimwa tu. Nikatiwa matone ya ganzi, ikawekwa lenzi juu ya jicho, nikaona vimulimuli vya kijani. Havikufika dakika kumi kwa kila jicho. Sikushonwa, sikufungwa bandeji. Nilikaa kama saa moja ili wapime tena, kwa kuwa shinikizo linaweza kupanda kwa muda baada ya leza, kisha nikala wali na mwanangu. Wiki sita baadaye macho yangu yalikuwa 17 na 17. Ndiyo iitwayo operesheni ya leza! Neno operesheni lenyewe limewakimbiza wengi waliotakiwa kuja.

Sasa twende kwa dada. Dawa aliyopewa inaitwa timolol, ni dawa ya siku nyingi na si mbaya. Asubuhi tone moja kila jicho, jioni tone moja kila jicho. Kwa mwaka ni matone 1,460, na hapo hatujahesabu yaliyodondokea shavuni. Chupa ndogo humalizika kwa mwezi au kabla. Dada ana miaka 71. Mungu akimjalia afikishe 86 kama mama yetu, atahitaji chupa 180. Kila chupa ni safari ya kushuka hadi mjini Lushoto, nauli ya kwenda na kurudi, na mara nyingine jibu la muuza duka kwamba imekwisha, rudi Alhamisi. Wakati wa mvua kubwa barabara hukatika na hakuna Alhamisi.

Na atatiaje? Jaribu, msomaji: inua kichwa, vuta kope la chini kwa kidole kimoja, kwa mkono wa pili minya kichupa juu ya jicho, tone moja tu, bila kuligusa jicho, na mkono wako uwe umelima tangu saa kumi na mbili. Dada hutiwa na mjukuu. Mjukuu akienda shule ya bweni, atatiwa na nani? Niongeze kwamba mtu mwenye pumu hatakiwi kutumia timolol, inaweza kumletea shambulio la hatari, na mwenye moyo unaopiga polepole mno naye ajihadhari. Tone lililoingia jichoni haliishii jichoni.

Halafu mgonjwa huyu anaporudi kliniki shinikizo liko palepale, anaitwa mzembe. Nimelisikia neno hilo kwa masikio yangu, nikiwa nimemsindikiza dada, katika kliniki ambayo sitaitaja. Muuguzi kijana, mrembo, nguo nyeupe kama pamba, akamwambia mbele za watu: "Bibi, wewe huitaki macho yako." Dada alinyamaza. Alikuwa amekosa dawa kwa siku kumi na tisa kwa kuwa duka halikuwa nayo, na alizihesabu siku hizo. Mimi nimefundisha miaka thelathini na nne na ninajua mtoto mvivu anafananaje. Lakini darasa zima likishindwa mtihani, mkaguzi wa elimu hawaulizi wanafunzi, humwuliza mwalimu na kitabu alichotumia. Kitabu hiki cha matone kimeshindwa na darasa zima.

Ushahidi wa hilo umetoka hapa hapa, na ndiyo sababu maneno ya yule bwana yaliniuma. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, madaktari walichukua wagonjwa 201 wenye glakoma na shinikizo la juu, jumla ya macho 382, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu timolol, nusu leza hii ya kijani. Wa matone waliruhusiwa kuelekezwa upya mara moja namna ya kutia, na wa leza kurudiwa mara moja. Baada ya mwaka mmoja wakapima nani amefikia shinikizo lililokusudiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet Global Health. Wa matone waliofanikiwa ni asilimia 31 ya macho. Wa leza ni asilimia 61. Karibu mara mbili! Na hao wa matone walikuwa wakifuatiliwa na watafiti, si watu walioachwa na kichupa chao mlimani.

Kwa hiyo mtu asiniambie kuwa leza ilithibitishwa kwa wazungu, au kwamba macho yetu meusi ni mengine. Kilimanjaro si Ulaya. Kama kuna jambo la kushangaza, ni kwamba Uingereza nako, ambako matone hupatikana kila kona, wamefikia uamuzi huo huo. Huko walilinganisha wagonjwa 718 waliogunduliwa karibuni, na matokeo ya kwanza yakatoka mwaka 2019: baada ya miaka mitatu, takriban robo tatu ya walioanza na leza walikuwa wanakaa vizuri bila tone lolote. Baada ya miaka sita bado ilikuwa karibu asilimia 70 ya macho, na waliolazimika kufanyiwa operesheni ya kisu walikuwa wachache kuliko wa upande wa matone. Mwaka 2022 chombo kinachotoa miongozo ya tiba nchini humo, NICE, kikaagiza mgonjwa mpya wa aina hii apewe nafasi ya leza kwanza. Yaani wenye maduka ya dawa wameanza kuyaacha matone yawe ya pili, na sisi tusio na maduka tunayang'ang'ania.

Watasema mashine ni ghali. Ni ghali, sikatai. Lakini gharama ya mashine inaonekana kwa sababu inalipwa siku moja na mtu mmoja, tena kwa hundi yenye sahihi mbili. Gharama ya matone haionekani kwa sababu inalipwa na dada yangu, kidogo kidogo, kwa kuuza maharage, na hakuna anayemwandikia risiti. Hebu mtu azijumlishe chupa 180 za dada na za kila aliyekaa naye benchi, na nauli zao, na siku za kulima walizopoteza, na za wajukuu waliowasindikiza, ndipo tuzungumze habari za ughali. Mashine hiyo hukaa juu ya meza. Haihitaji chumba cha upasuaji wala mtu wa kulaza wagonjwa. Mgonjwa mmoja akitoka, mwingine anaketi.

Watasema itaharibika, na fundi hayupo, na umeme hukatika. Hapa wana hoja, na ni hoja nzito kuliko ile ya bei. Nimeona vyumba vya hospitali vilivyojaa mashine za wahisani zilizofunikwa shuka, hazijafanya kazi tangu siku ya kupigwa picha na mgeni rasmi. Lakini hilo ni jambo la kumsomesha fundi, kuweka fedha za vipuri katika bajeti, na kukataa msaada usio na mkataba wa matengenezo. Hatukuacha kununua mabasi kwa sababu gereji ni chache.

Watasema leza haidumu. Ni kweli, nguvu yake hupungua kwa miaka, na wengine haiwasaidii kabisa. Asilimia 61 maana yake ni kwamba 39 hawakufika. Hao watahitaji matone, au leza tena, au kisu. Na wapo ambao pembe ya jicho imefungwa, hao wana leza ya namna nyingine, ya kutoboa tundu dogo kwenye duara la rangi ili maji yapate njia. Wengine ugonjwa umekwenda mbali mno, na kisu ndicho kinachowafaa mara moja. Haya yote ni kazi ya daktari kuamua baada ya kupima. Mimi sidai kila mtu apigwe leza. Nadai kwamba anayefaa asinyimwe kwa sababu ya kijiji anachotoka.

Niseme pia kuhusu watu wa upande wa pili, wanaojiita marafiki wa leza, maana wananiudhi karibu sawa na yule bwana. Siku hizi utaona matangazo: leza inaponya glakoma, leza inarudisha nuru. Uongo mtupu. Leza haijawahi kurudisha uzi hata mmoja wa neva uliokufa. Mimi sehemu niliyopoteza kwenye jicho la kulia, upande wa pua, imekwenda moja kwa moja. Leza imelinda iliyobaki. Na aliyepigwa leza lazima aendelee kupimwa maisha yake yote. Anayemwuzia mgonjwa leza kama dawa ya miujiza anamfanya asirudi kliniki, na mgonjwa atakuja kugundua siku anapomwuliza mkewe kwa nini taa imezimwa.

Kinachotakiwa si kikubwa hivyo. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na mashine moja, na siku maalumu ambazo wagonjwa wa wilayani wanajua watapigwa leza wakifika. Muuguzi wa macho wa wilaya awe na kifaa cha kupimia shinikizo, na anayegundulika aambiwe alete ndugu zake wa tumbo moja wapimwe. Bima iweke leza ya glakoma mahali pa wazi katika orodha yake, si pa kubembeleza. Na mgonjwa aambiwe habari zote mbili, ya tone na ya leza, kwa lugha yake, akiwa ameketi, kabla hajaandikiwa chochote.

Msomaji ataniuliza kwa nini nisimlipie dada yangu nikanyamaza. Namlipia. Mwanangu amekwisha weka fedha, na tumekubaliana ashuke baada ya kuvuna maharage, tupande naye basi hadi Dar es Salaam. Alinipigia simu juzi kuthibitisha tarehe. Akasema kuna mama mmoja wa Mlalo, ambaye huketi naye benchi moja siku za kliniki na shinikizo lake ni 31, ameuliza kama tuna nafasi ya wawili.